Mtandao Unasema Sipo

Mama mkwe wangu aliniambia Jumamosi moja, akiwa ameketi uani kwake Temeke anakunja mikaja, "Mwanangu, mtandao unasema mie sipo."

Aliyasema hayo bila kuinua uso. Mikaja ni vile vitambaa virefu vya pamba anavyofungwa tumboni mwanamke aliyetoka kujifungua, na yeye alikuwa navyo rundo zima, vimefuliwa mara nyingi mpaka vimelainika. Kazi yake ni kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, mama huenda kwake asubuhi, huchemsha maji, humkanda mgongo, kiuno na miguu, humfunga mkaja, humpa uji wa pilipili manga, kisha hurudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka arobaini itimie. Aliyezaa kwa upasuaji hamgusi mpaka hospitali iseme, na ukimwambia kwamba daktari amekubali, atakuomba karatasi aione kwa macho yake. Alianza kazi hii kabla mume wangu hajaanza shule.

Kilichotokea ni hiki. Wiki ile kijana mmoja wa Tabata, ambaye mkewe alikuwa amepata mtoto wa kwanza, alimpigia simu baada ya kuelekezwa na shangazi yake. Wakaelewana siku na saa. Asubuhi ya siku yenyewe, mama ameshafunga mfuko wake na kuvaa baibui, simu ikaita tena.

"Shikamoo mama. Samahani sana. Tumekutafuta mtandaoni hatujakuona. Mke wangu anaogopa kuguswa na mtu tusiyemjua. Tumepata mwingine."

Mwingine huyo, mama alipoulizia, alikuwa mwanamke aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, uani hapo hapo. Siku hizi alikuwa na tovuti, ina picha na kila kitu.

"Sina kinyongo naye," mama aliniambia. "Ana mikono mizuri, mie ndiye niliyeishika nikamwonyesha. Ila yule kijana kaniambia kwa upole, mwanangu, kama mtu anayekupa habari ya msiba. Eti sipo."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sijifichi. Watu wa kwetu Kondoa wananijua, na watu wa Temeke wakanijua mapema kuliko nilivyotaka. Nilimkasirikia yule kijana, ambaye kwa kweli hakuwa na kosa lolote. Nikamwambia mama aniachie mimi. Wiki mbili tu, nikasema, kila atakayetafuta atakuona.

Nilikuwa na sababu ya kujigamba. Nafanya kazi ya ofisini kwenye kiwanda kidogo cha ndoo na mabeseni Mikocheni, na aliyekuwa akishughulikia tovuti yetu alipoacha kazi, tovuti nikaangushiwa mimi kwa sababu meza yangu ndiyo ilikuwa karibu na kompyuta yake. Nikajifunza kwa kubabaisha. Nikajua kwamba kuweka tovuti hewani hakutoshi, kwa maana kwenye mtandao unaweza kuwa na duka zuri lisilo na njia ya kulifikia. Inabidi uende kwenye injini ya kutafutia, uthibitishe kwamba tovuti ni yako, uwape orodha ya kurasa zako zote, halafu usubiri programu yao ipite kusoma. Ikishasoma na kuridhika, inakuandika kwenye daftari lao kubwa. Hapo ndipo mtu akitafuta anakupata. Nilikuwa nimeyafanya hayo kwa ndoo, na nilijiona fundi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda na daftari ili mama aniambie maneno ya kuandika. Alioga, akavaa kanga safi, akajipaka wanja, akakaa sawasawa kama anayekwenda kupigwa picha. Nikamuuliza, "Mama, tuseme unafanya nini?"

Akafikiri sana. Akasema, "Andika, huduma za heshima kwa mama na mtoto."

"Huduma gani?"

"Andika, mhusika atajua mwenyewe."

Nikaandika. Nikamuuliza tumwite nani. Jina la kwenye kitambulisho hakuna anayelitumia, na lile ambalo mtaa mzima unamwita ni la mwanawe, yaani la mume wangu. Akachagua hilo la mtaani. Nikamuuliza anapatikana wapi, akanielekeza kwa msikiti, kwa duka la mkaa na kwa nyumba yenye geti la bluu, ambalo ninavyojua mimi lilishapakwa rangi nyingine. Mwisho akaongeza kwa sauti ya chini, "Na pale chini uweke, siri ya mwanamke ni stara yake." Hayo yote niliyaandika, tena nikayaona mazuri. Watu wa pwani wana namna yao ya kusema jambo bila kulitaja, na mimi niliyetoka bara nilichukua miaka kuizoea, kwa hiyo nilijisikia mwenyeji.

Nikayapeleka maneno yale kwa jamaa mmoja wa stesheneri karibu na kwangu Tabata, anayetengeneza kadi za harusi. Akanitengenezea bango moja la kupendeza: waridi pembeni, mkono wenye hina umeshika kitambaa, na maneno yetu yote ndani ya picha, kwa maandishi ya kujipinda yenye rangi ya dhahabu. Nikalipandisha lilivyo, likawa ndilo ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Mama alipoliona kwenye simu yangu alilikuza kwa vidole viwili, akalipunguza, akalikuza tena. Akaenda kumwonyesha jirani. Nikathibitisha kwamba tovuti ni yetu, nikatuma orodha ya kurasa, ambayo ilikuwa na ukurasa mmoja, nikaomba isomwe.

Wiki mbili zikapita. Mama hakuniuliza wiki ya kwanza, kwa adabu. Ya pili alinipigia kunisalimia, akaulizia watoto, akaulizia mvua kama imenyesha Tabata, kisha akauliza kama anayekumbuka jambo dogo, "Na kule vipi?"

Nikafungua taarifa ya tovuti nikamsomea: ukurasa umegunduliwa, bado haujaorodheshwa.

"Yaani wananijua, ila hawajaniandika?"

"Ndiyo mama."

"Hao nao."

Mwezi ukaisha. Siku moja taarifa ikabadilika, ukurasa ukawa umeorodheshwa. Nilifurahi peke yangu ofisini mpaka nikapiga meza. Nikampigia, akapiga kigelegele kifupi, na Jumamosi yake tukakaa pamoja uani, yeye, mimi na jirani yake, tukaandika kwenye simu ya jirani, mkandaji wa wazazi Temeke. Akatokea yule mwanafunzi wake. Wakatokea wengine wawili wa mbali. Zikatokea makala za hospitali na saluni moja ya kusugua miguu. Jirani akateremsha kidole chini, na chini zaidi, na ukurasa wa pili, na wa tatu, mpaka tukafika kwenye mambo ya kukanda unga wa chapati. Mama hakuwepo. Tulimpata tu pale nilipoandika anwani yote ya tovuti, herufi kwa herufi, jambo ambalo haliwezi kufanywa na mtu asiyemjua.

"Labda simu yangu," jirani akasema, maskini, kwa huruma.

"Si simu," mama akasema. Akainuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Njia nzima ya kurudi Tabata niliilaumu injini ya kutafutia, nikawalaumu wanaoitengeneza huko waliko, nikamlaumu hata jamaa wa stesheneri na waridi lake. Mume wangu akanishauri nile kwanza. Nikamwambia aniache.

Jibu nililipata ofisini Jumanne, tena kwa aibu. Mteja mmoja alipiga simu, mama anayeuza maziwa mtindi, akasema ametuona mtandaoni alipotafuta "ndoo ya mfuniko isiyovuja". Nikakumbuka. Tovuti yetu ya mwanzo ilikuwa imeandikwa kwa amri ya bosi, "suluhisho za kisasa za uhifadhi", na hakuna binadamu aliyewahi kutupata, kwa sababu hakuna binadamu anayeamka asubuhi akatafuta suluhisho la uhifadhi. Ni mimi niliyemwambia bosi tuandike ndoo. Tuandike ndoo, mfuniko, lita ishirini, haivuji. Nikaandika, na wiki chache baadaye simu zikaanza. Hayo nilikuwa nayajua. Niliwatendea haki wateja wa ndoo, halafu nikaenda kwa mama mkwe wangu nikaweka picha ya waridi, ambayo ile programu haiwezi kusoma hata neno moja ndani yake, na hata kama ingeweza, ingekuta imeandikwa mhusika atajua mwenyewe. Ile programu si mhusika. Haijui lolote mpaka uitajie.

Kwa hiyo Jumamosi nikarudi Temeke na orodha. Nilikuwa nimeiandika kwa makini: mwanamke aliye ndani na kichanga, amechoka, ameshika simu kwa mkono mmoja, anaandika nini? Anaandika mgongo unauma baada ya kujifungua. Anaandika tumbo halijarudi. Anaandika maziwa hayatoki, chuchu zimechanika, naogopa kwenda chooni, nalia bila sababu. Nikamsomea mama.

Sijawahi kumwona akishtuka vile. Aliangalia mlango wa uani kama kuna mwanamume amesimama, kisha akavuta kanga kichwani.

"Hayo unataka kuyaweka barabarani?"

"Si barabarani, mama. Ni ili wakuone."

"Mwanao wa kiume ana simu. Imamu ana simu. Muuza mkaa ana simu. Mambo ya mzazi husemewa chumbani, mlango umefungwa. Wanawake wa watu wameniamini, nami niyatangaze ya mwilini mwao?"

"Hatutaji mtu, mama. Ni maneno tu."

"Maneno ndiyo watu wenyewe."

Hapo nikapandisha sauti. Nilimwambia kwamba dunia imebadilika, kwamba mafumbo yake hayana atakayeyafumbua, kwamba mwanafunzi wake ameandika wazi na ndiyo maana anapata watu. Nilikuwa nasema kweli, na kila nilipoendelea kusema kweli nilizidi kujisikia mtu mbaya. Yeye hakujibu. Alikunja mkaja mmoja mara nne, akauweka juu ya wenzake, akausawazisha pembe.

"Basi niache, mwanangu. Niache nisiwepo," akasema.

Nikaondoka. Nilikuwa nimewahi kumpandishia sauti hivyo mara moja tu maishani, miaka mingi kabla, na yeye siku ile pia hakujibu. Jambo hilo hatukuwahi kulizungumza. Nililibeba kimya kimya, nikiamini amelisahau, kwa sababu ndivyo inavyompendeza mkosaji kuamini.

Nililikumbuka siku tatu mfululizo. Mwishowe nikajiuliza swali tofauti. Badala ya kuuliza wanawake wanaandika nini, nikajiuliza mimi ningeandika nini, mimi mwenyewe, wakati ule, kama ningekuwa na simu ya kutafutia na si kile kisimu changu cha tochi. Na mama alikuwa amekataza siri za wanawake wa watu. Zangu hakuzikataza. Mwili ni wangu, aibu ni yangu, na kuisema ni hiari yangu.

Nikaandika saa ya chakula cha mchana, ofisini Mikocheni, mashine za ndoo zikiunguruma upande wa pili wa ukuta. Wali wangu ukapoa. Niliandika kwamba nilijifungua mtoto wangu wa kwanza nikiwa sina mama, maana wangu alikwisha kufariki, na kwamba tulikuwa tumepanga vyumba viwili Tabata. Niliandika kwamba mama mkwe wangu alikuja kutoka Temeke kila asubuhi, na mfuko wake, na majani ya kuchemshia. Sikuficha lolote. Niliandika mgongo, niliandika maziwa, niliandika chooni. Niliandika kwamba nilikuwa nalia bila sababu, na kwamba maji ya moto yaliponigusa kiunoni nilimchukia aliyeyashika, na siku moja nikamwambia mbele ya majirani, "Sitaki kuguswa. Ondoka, usirudi, wewe si mama yangu." Niliandika kwamba aliondoka bila kujibu. Niliandika kwamba hizo siku mbili alizokosekana nilikuwa peke yangu na maumivu, sina wa kunifunga tumbo, na kitu pekee kilichonipa nguvu ni bakuli la uji wa pilipili manga alioniletea mama mwenye nyumba, Mungu amlipe. Halafu niliandika kwamba siku ya tatu yake mlango uligongwa na mama mkwe akaingia, akasema "maji yamechemka?" kana kwamba aliondoka jana, akaendelea mpaka arobaini. Mgongo wangu haujaniuma tangu hapo. Nikamalizia, sikuwahi kumwomba radhi, namwomba hapa.

Juu kabisa nikaweka kichwa cha habari kwa maneno ya wazi: kukandwa baada ya kujifungua, Temeke na Tabata, nilivyokandwa na mama mkwe wangu. Nikaweka namba yake ya simu. Waridi nikaliacha chini, kwa heshima yake. Nikaomba ukurasa usomwe upya, kisha nikaogopa.

Jioni nikampa mume wangu asome. Alisoma polepole, akarudia juu, akasoma tena. Akasema, "Sikujua kama ulimfukuza mama." Akachukua vyombo akaenda kuviosha, na alikuwa hana kawaida hiyo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimemwambia mwenyewe, nikasema bado. Akasema, "Mwambie."

Sikumwambia. Nilitaka kumwambia Jumamosi, halafu nikasema ijayo, na ijayo kukawa na shughuli. Ukweli ni kwamba niliona haya, na nilijua nimemweka mtandaoni bila ruhusa yake, hata kama aibu ilikuwa yangu. Wakati huo ile programu ilikuwa imeshapita. Safari hii haikusubiri mwezi.

Alhamisi moja nikapigiwa simu. "Njoo," mama akasema. Hakusalimia, hakuulizia mvua.

Nilipofika alikuwa uani pale pale, amevaa miwani yake ya kusomea Kurani, simu ya jirani iko mapajani. Jirani hakuwepo. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba leo sitajibu.

"Wamenipigia wanawake watatu," akasema. "Wa kwanza anauliza, wewe ndiye yule mama uliyefukuzwa? Nikamwambia dada, umekosea namba. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu akalia kwenye simu. Anasema yeye naye kamfukuza mama yake mzazi wiki iliyopita, afanyeje? Ndiyo nikaomba simu kwa jirani nisome."

"Nisamehe mama. Ningekuuliza kwanza."

"Ungeniuliza ningekataa." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. "Umejianika mno, mwanangu. Lakini umejianika wewe, hukumwanika mtu. Hilo nimelipima." Kidole chake kikatafuta mahali kwenye kioo. "Ila umeandika uongo."

Nikashtuka. "Uongo gani, mama?"

"Hapa. Eti uji kaleta mama mwenye nyumba."

"Ndiyo alileta, mama. Siku ya nane. Nakumbuka bakuli lake, lile la maua mekundu."

"Bakuli lake, ndiyo. Yule mama mwenye nyumba alikuwa mtu mwema, lakini uji wa pilipili manga hakuwahi kuujua, alikuwa akiniuliza kila siku nautiaje." Alisema polepole, macho yakiwa kwenye simu. "Ulinifukuza siku ya saba. Siku ya nane nikaja kama kawaida yangu. Nikafika mpaka mlangoni kwako, nikasikia mtoto analia na wewe unalia. Nikaweka mkono kwenye kitasa, nikasema, huyu kaniambia nisimguse, nikiingia nitamzidishia. Nikakaa barazani kwa mama mwenye nyumba. Nikampa chupa ya uji, nikamwambia aumimine kwenye bakuli lake ili usijue, maana ungejua ni wangu usingekunywa. Kichwa chako nilishakijua. Nikakaa pale mpaka aliporudi na bakuli tupu. Siku ya tisa nikakaa tena pale pale, ya kumi nikaingia."

Kwa miaka yote ile kila Idi nilikuwa nampelekea mama mwenye nyumba sahani ya pilau kwa ajili ya uji ule, mpaka alipohama. Naye alipokea kila mwaka, na kila mwaka aliniambia, "Msalimie mama yako wa Temeke." Mimi nikidhani ni salamu tu.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulishakunywa. Ningekwambia ili iweje?" Akanipa ile simu. "Ila sasa watu wanasoma. Mwanamke wa watu yuko ndani na kichanga chake, anasoma kwamba mkandaji alikasirika akamwacha mzazi siku mbili. Si kweli. Nilikuwepo. Andika hivyo."

Nikatoa simu yangu nikaandika pale pale mkekani, huku machozi yananidondokea kwenye kioo na herufi zinajibonyeza zenyewe. Nikafuta bakuli la mama mwenye nyumba, nikaandika habari ya kitasa na baraza na chupa. Nikamsomea. Akanirekebisha mahali pamoja, kwamba hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye ngazi. Nikaweka ngazi. Kisha nikaingia kule kwenye injini ya kutafutia, nikaomba ukurasa usomwe upya kwa sababu maneno yamebadilika. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema sijui, siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Akasema hakuna haraka.

Ilichukua siku tisa. Jumamosi hiyo jirani alikuwepo, na mume wangu alikuwepo, na mama akasema ataandika mwenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja, akikosea na kufuta, kukandwa baada ya kujifungua Temeke. Tukasubiri duara lizunguke. Yule mwanafunzi wake alikuwa wa kwanza, na mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wa pili alikuwa yeye.

Chini ya kila jina injini ile huweka mstari mmoja au miwili kutoka ndani ya ukurasa. Huwezi kuichagulia, inachagua yenyewe. Kwake ilikuwa imeacha mgongo, imeacha maziwa, imeacha namba ya simu na kuomba kwangu radhi. Mama akasogeza simu karibu na miwani, akatusomea kwa sauti ile ile anayosomea Kurani, neno moja moja:

"Siku ya nane alikuwepo mlangoni, mimi sikujua."

Akairudisha simu kwa jirani. Akaniambia niende nikamtazamie maji jikoni, maana kulikuwa na mzazi Tabata anamsubiri.